Je, Wajua? Lami, Ubani na Roketi za Ngomeni

Je, wajua kwamba mtu aliyeonyesha namna ya kupika fueli ya roketi kwa lami alikuwa akimghania sifa mungu wa Kiyunani mwenye pembe na kwato za mbuzi kabla ya majaribio yake? Anaitwa Jack Parsons, Mmarekani wa Pasadena, California. Malindi hakuitia mguu. Kazi yake ilifika.

Nimemleta hapa Muyeye, Malindi, kwa sababu ya maneno ya barazani. Jioni moja, kikombe cha kahawa mkononi, mzee mmoja alielekeza kidole kaskazini, upande wa Ngomeni, akasema: "Mzungu hurusha chuma mbinguni, sisi twarushiana majini." Watu wakaangua kicheko. Mzee ni mzee, sikumjibu. Namjibu leo, tena kidogo kidogo.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 2 Oktoba 1914 na kupewa jina la babake, Marvel. Ndoa ilipovunjika mama akalifuta jina hilo. Mtoto akawa John, na mtaani Jack.

Na wajua kilichotokea Kilifi miezi miwili kabla mtoto huyo hajazaliwa? Tarehe 4 Agosti 1914 maafisa wa Kiingereza waliivamia Kaya Fungo, makao makuu matakatifu ya Agiriama, wakaichoma na kuilipua kwa baruti. Mwaka uliotangulia Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamewakusanya watu hapo kula kiapo cha kumnyima Mzungu vibarua na kodi. Mekatilili akakamatwa, akahamishiwa magharibi mwa nchi, akatoroka. Serikali iliona nguvu ya kiapo imo kayani, basi ikaipelekea baruti kaya yenyewe. Hebu tazama: dola yenye reli na manowari yatega baruti chini ya miti na malango ya mbao ili kuua maneno waliyoapa watu. Nani hapo alikuwa akiogopa uchawi? Na kiapo hakikufa. Mwezi uleule Agiriama wakainuka kupigana.

Parsons hakuwa na shahada. Kemia aliijua kwa kuunguza uani kwao, yeye na rafikiye wa shule, Edward Forman. Wote wawili walikuwa wamelewa hadithi za kubuni za safari za mwezini. Ajira yake ya mwanzo ilikuwa katika kampuni ya baruti iitwayo Hercules. Liweke jina hilo kando, tutalirudia.

Kwa maelezo yake mwenyewe, alipokuwa na miaka 13 alijaribu kumwita Shetani. Akadai Shetani aliitika, na yeye mwenye kuita akanywea.

Je, wajua roketi ilikuwa aibu? Miaka ya 1930 profesa aliyetaka kuheshimiwa hakulitamka neno hilo. Lilikuwa neno la vitabu vya watoto na vichaa. Ndiyo maana maabara iliyozaliwa na kundi la Parsons, ambayo leo hutuma vyombo hadi sayari za mbali, iliitwa Maabara ya Mwendo wa Jeti. Neno roketi limefichwa hadi leo.

Jaribio lao la kwanza la injini lilifanyika tarehe 31 Oktoba 1936, siku ambayo Wamarekani husherehekea mizuka, katika korongo kavu la Arroyo Seco karibu na bwawa liitwalo Lango la Shetani. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini mpiga ramli yeyote wa huku angekuuliza uliitoaje tarehe hiyo. Walikuwepo Parsons, Forman, na Frank Malina, mwanafunzi wa chuo cha Caltech aliyekuwa na hesabu ambazo wenzake hawakuwa nazo. Mara ya mwisho siku hiyo mpira wa oksijeni ulishika moto, ukafyatuka na kuanza kujipiga huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa. Wanasayansi wote mbio! Chuoni wakapachikwa jina la Kikosi cha Kujiua.

Kikosini humo alikuwemo Mchina aitwaye Qian Xuesen. Marekani ilikuja kumshuku ukomunisti, ikamfukuza 1955. Akarudi kwao, akawa baba wa makombora na roketi za China. Kuna hasara nyingine mtu hujitilia mwenyewe mfukoni.

Agosti 1941 waliifunga ndege ndogo aina ya Ercoupe roketi za baruti chini ya mbawa, ikaruka kwa karibu nusu ya mwendo wa kawaida ardhini. Baadaye wakaing'oa panga boi kabisa, ikaruka kwa roketi tupu. Jeshi likafurahi. Ila kulikuwa na kasoro moja. Baruti ile ikikaa stoo siku chache, kwenye joto na baridi, hupata nyufa. Ukiiwasha, moto huingia kwenye nyufa, sehemu inayoungua huongezeka ghafla, na roketi inageuka bomu.

Hapa ndipo penye kazi yake kubwa. Je, wajua Parsons alitokaje? Mwaka 1942 aliacha baruti ya unga, akachukua lami. Ndiyo, lami hii hii. Ukipita wakati kontrakta anamwaga lami saa sita mchana, utaona: ikiwa moto hutiririka kama asali, ikipoa hushika, lakini haiwi kavu ya kukatika. Ikisukumwa hubonyea, haipasuki. Parsons aliiyeyusha, akaichanganya na chumvi iitwayo potasiamu pakloreti, karibu robo tatu chumvi na robo lami, akakoroga kama mtu anayesonga sima, akamimina ndani ya gamba la chuma na kuacha ipoe. Lami ndiyo kuni. Chumvi ndiyo hewa, maana imebeba oksijeni ndani yake, kwa hiyo mchanganyiko huungua hata pasipo na hewa. Na kwa kuwa lami hunata, ilishikana na gamba, nyufa zikaisha.

Ikawekwa stoo, ikakaa. Ikapakiwa melini, ikakaa. Fueli ya roketi ikawa mzigo kama mizigo mingine.

Waliokuja baadaye waliitoa lami wakatia mpira wa viwandani, wakabadilisha chumvi, wakaongeza unga wa alumini. Wazo la kukoroga, kumimina na kuacha ishike halikubadilika. Hata zile nguzo mbili nyeupe zilizokuwa zikisindikiza vyombo vya Marekani vya kwenda na kurudi angani zilipikwa kwa kanuni hiyo.

Je, wajua kampuni ya Aerojet iliundwa Machi 1942, na Parsons ni mmoja wa waanzilishi? Na wajua kwamba injini ya chini kabisa ya roketi iliyoondoka Ngomeni mwaka 1967, na ile ya 1970, ilitengenezwa na Aerojet?

Sasa tusogee nyumbani.

Ngomeni iko kilomita 30 hivi kaskazini mwa Malindi, ukikata kulia Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Baharini, mbele ya kijiji, kuna majukwaa yamesimama kwa miguu ya chuma. Yaliletwa na Waitaliano katikati ya miaka ya 1960. Moja lilipewa jina San Marco, nalo ndilo la kurushia. La kuongozea, ambalo zamani lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta, likaitwa Santa Rita. Marko ni mtakatifu msimamizi wa Venezia, na Luigi Broglio, profesa na mwanajeshi wa anga aliyeubuni mradi, alizaliwa Mestre, huko huko Venezia. Rita je? Wakatoliki humwomba Mtakatifu Rita kwa mambo yaliyoshindikana. Jukwaa la kuongozea roketi, limekabidhiwa mtakatifu wa mambo yaliyoshindikana. Mzee wa barazani, unanisikia?

Kwa nini Ngomeni na si Italia? Kwa sababu dunia inazunguka, na kwenye ikweta ndiko inakozunguka kwa kasi zaidi, kilomita 1,670 kwa saa. Roma ni kama 1,240. Ngomeni iko chini kidogo tu ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hapo imeshapewa msukumo wa bure kabla haijawashwa. Na mashariki ni bahari tupu, hakuna paa la mtu la kuangukiwa na kipande cha chuma.

Na kwa nini jukwaa dogo la baharini liliweza kurusha setilaiti? Kwa sababu ya ile sima ya Parsons. Roketi nyingi za fueli ya majimaji huhitaji oksijeni iliyopozwa hadi nyuzi 183 chini ya sifuri, matangi, mabomba na mitambo ya kupozea. Weka hayo yote juu ya miguu ya chuma katika jua la Pwani, uone. Roketi ya Scout, urefu wake mita 23 hivi, ilikuwa na vipande vinne na vyote ni fueli yabisi. Unaileta kwa meli, unaiunganisha ikiwa imelala, unaisimamisha, unawasha.

Vipande vyake vilikuwa na majina. Cha pili Castor, cha tatu Antares, cha nne Altair, yote majina ya nyota. Antares ilitoka kwa nani? Hercules, ile kampuni ya baruti niliyokuomba uiweke kando. Cha kwanza, kile cha Aerojet, kiliitwa Algol. Hili nalipenda kuliko yote. Algol ni jina la Kiarabu, al-ghul. Ghul ni zimwi, jini la jangwani linalowala wasafiri. Waarabu waliipa nyota hiyo jina la kichwa cha zimwi, na wanajimu wa zamani waliihesabu kuwa nyota ya nuhusi. Basi chuma cha Mzungu kilipopaa kutoka bahari yetu, kilipanda mgongoni kwa jini, kikisimamiwa na watakatifu wawili. Mwalimu yeyote wa falaki pale mjini angekupa maana ya majina hayo bila kufungua kitabu.

Setilaiti ya kwanza kurushwa Ngomeni ilikuwa San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967. Ya mwisho ilikuwa tarehe 25 Machi 1988. Kwa jumla setilaiti tisa, mojawapo ya Waingereza. Tangu hapo kituo kinasikiliza tu: madishi yake makubwa huko ufukweni hufuatilia vyombo vya wengine vikipita juu. Siku hizi kinaitwa kwa jina la Broglio.

Na Waitaliano wa Malindi? Ukimsikia kijana wa ufukweni hapa akipatana bei ya kinyago kwa Kiitaliano kisicho na kigugumizi, sehemu ya ufasaha huo ilianzia kwa mafundi wa roketi waliokuwa wakija kulala mjini.

Turudi Pasadena, maana sijamaliza na wewe mzee.

Mwaka 1941, mwaka ule ule wa ndege ya Ercoupe, Parsons na mkewe Helen walijiunga na jumuiya ya siri iliyoongozwa na Mwingereza Aleister Crowley, mtu aliyejiita Mnyama wa kitabu cha Ufunuo na kufundisha uganga wa kuita roho. Mwaka uliofuata Parsons akafanywa mkuu wa tawi la California. Basi mchana alikuwa mhandisi wa roketi za jeshi la Marekani, usiku ni kasisi mwenye joho. Alikodi jumba kubwa kwenye mtaa wa matajiri, Barabara ya South Orange Grove nambari 1003, akawapangisha wasanii, waandishi na watu wasioamini Mungu. Majirani wakaita polisi, wakisema kuna mwanamke mjamzito anaruka moto uani akiwa uchi. Polisi wakaja, Parsons akajieleza kwa adabu kwamba yeye ni mwanasayansi anayeheshimika. Polisi wakaaga.

Huku kwetu wakati huo Sheria ya Uchawi ya 1925 ilikuwa ikitumika. Mwenye kujidai ana nguvu hizo alifungwa. Sheria hiyo iliandikwa na watu wa rangi moja na Parsons, kwa ajili ya watu wa rangi yetu.

Je, wajua aliibiwa na nani? Mwaka 1945 alihamia jumbani mwandishi wa hadithi za kubuni, baharia aliyetoka vitani, L. Ron Hubbard. Ndiye yule ambaye baadaye alianzisha dini ya Sayantoloji. Parsons alimpenda mno. Hubbard naye akampenda mpenzi wa Parsons, Sara, mdogo wake Helen. Hata hivyo urafiki haukuvunjika. Kuanzia Januari hadi Machi 1946 wawili hao walifanya zinguo refu, usiku baada ya usiku, kwa ubani, panga na maneno ya lugha isiyo ya watu, kumwita mungu wa kike aitwaye Babalon ashuke katika mwili wa mwanamke. Katikati ya shughuli hiyo akabisha hodi msanii mwenye nywele nyekundu, Marjorie Cameron. Parsons akasema: huyu hapa. Mwaka huo huo akamuoa. Crowley mwenyewe, babu wa mambo hayo, alipopata habari aliandika kwa mwenzake kuona huo ni upumbavu. Ukiona mganga mkuu anakukana, jiangalie.

Kisha pesa. Watatu, Parsons, Hubbard na Sara, waliunda ushirika wa kununua mashua Florida na kuziuza California. Parsons alitia zaidi ya dola 20,000, karibu mali yake yote. Hubbard alitia kama 1,200. Hubbard na Sara wakatangulia Florida, wakanunua mashua tatu, wakatweka. Parsons akawafuata Miami akiwa amechelewa. Sasa angefanya nini? Alijifungia chumba cha hoteli, akachora duara sakafuni, akamwita pepo wa sayari ya Mirihi. Kwa maelezo yake mwenyewe, tufani ikainuka baharini, ikachana matanga na kuirudisha mashua bandarini. Wavuvi wa Ngomeni wana maneno yao kuhusu mtu anayefunga bahari, na wangemwelewa mara moja. Lakini angalia alichofanya pia: alikwenda mahakamani. Pepo alirudisha mashua, na wakili akarudisha hati ya deni ya dola 2,900.

Hisa zake za Aerojet alikuwa ameziuza mwishoni mwa 1944 kwa dola 11,000 hivi. Kampuni hiyo ikaja kuwa dude la mabilioni.

Kwa haraka, kabla kahawa haijapoa:

Zanzibar nayo ilikuwa na kituo cha anga, Tunguu, kilichojengwa na Wamarekani kufuatilia wanaanga wao wa kwanza. John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Tunguu ilikuwa kwenye mstari wa kumsikiliza. Wapinzani mtaani wakasema ni kambi ya makombora. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na mwaka huo huo kituo kikafungwa.

Kongo, wakati huo Zaire, Mobutu aliwapa Wajerumani wa kampuni ya OTRAG eneo la Shaba lenye ukubwa wa kilomita za mraba 100,000. Walirusha roketi mara tatu, 1977 na 1978. Ya tatu ilianguka mbele ya Mobutu mwenyewe. Mwaka uliofuata mkataba ukavunjwa.

Maabara ya Parsons hula njugu. Sifanyi mzaha. Vyombo sita vya mradi wa mwezini vilishindwa mfululizo. Julai 1964, siku ya chombo cha saba, mtu alipitisha njugu karanga chumbani, chombo kikafanikiwa. Tangu hapo safari muhimu zinazoongozwa pale huwa na njugu mezani. Wenye shahada za udaktari wa fizikia, hao. Muuza njugu wa stendi angekuwa tajiri.

Urusi, kasisi huinyunyizia roketi maji ya baraka kabla haijaruka. India, wakuu wa anga hupeleka sanamu ya roketi hekaluni Tirupati.

Nairobi, chuo kikuu kilipata setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya angani Mei 2018, kwa msaada wa Sapienza, chuo alikofundisha Broglio. Ya pili, Taifa-1, ilirushwa Aprili 2023 kutoka California, jimbo la Parsons. Kutoka Ngomeni hapana.

Na tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo 500 hivi, kipenyo mita 2.5, ilidondoka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya likaja kuichukua. Safari hii chuma kilishuka.

Si yote ya kuchekesha. Kilifi hii hii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Ushahidi? Mvi. Macho mekundu, ambayo yangeweza kuwa ya moshi wa jikoni. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba na kijana anayelitaka. Ganze kuna Kaya Godoma, mahali wazee waliookoka panga hupokelewa na kulala bila hofu. Parsons, aliyekiri mwenyewe kwa maandishi kwamba alimwita Shetani na kuinua tufani, alichopoteza kwa ajili hiyo ni kibali cha kushika siri za serikali. Mzee wa Ganze, asiyekiri lolote, hupoteza kichwa. Hapo, mzee wangu wa barazani, ndipo tunapotofautiana na Mzungu.

Je, wajua Parsons alikufaje? Kazi za jeshi ziliisha, akawa anapikia kampuni za sinema milipuko ya bandia. Tarehe 17 Juni 1952 alikuwa na oda ya haraka, na vitu vimeshafungwa tayari kwa safari ya Mexico. Alikuwa akichanganya fulminati ya zebaki, kitu ambacho hukasirika kwa kuguswa tu, ndani ya kopo la kahawa. Wachunguzi waliona kwamba kopo lilimponyoka, na ameinama kulidaka. Mlipuko ukang'oa mkono wa kulia na kubomoa nyumba. Alikuwa na miaka 37. Mamake, Ruth, alipopewa habari alijiua siku hiyo hiyo kwa dawa za usingizi. Wapo waliosema aliuawa, wapo waliosema ni pepo zake. Mtu aliyeifanya fueli ya roketi ikae kwenye stoo bila kudhuru mtu, alikufa kwa kopo.

Mwaka 1972 wanaastronomia walilipa shimo moja la mwezini jina lake. Liko upande wa nyuma, ule ambao mwezi haugeuzii dunia kamwe. Hata ukipanda mnazi mrefu kuliko yote Muyeye usiku wa mbalamwezi, hulioni.

La mwisho. Tarehe 12 Desemba 1970, mchana wa jua kali, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, Scout iliondoka San Marco na setilaiti ya kwanza duniani kujengwa kwa kuchunguza eksirei za angani peke yake. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Marjorie wa pili katika habari hii, na huyu hakuitwa kwa ubani. Aliona siku ilivyo, akaipa setilaiti jina: Uhuru. Ndiyo iliyoona nyota moja kwenye kundi la Cygnus ikimetameta kwa kasi isiyo ya kawaida, na wataalamu wakaishia kukubali kwamba pale pana shimo jeusi, la kwanza kukubalika. Riccardo Giacconi aliyeiongoza kazi hiyo kisayansi alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Nobel ndiye aliyevumbua baruti ya aina ile iliyolipua Kaya Fungo.

Setilaiti iliungua ikirudi duniani mwaka 1979. Lakini orodha yake ya nne, yenye vyanzo 339, bado inatumika. Kila chanzo kina nambari inayoanza na 4U, na U hiyo ni Uhuru. Mwanafunzi wa fizikia Tokyo au Chicago akiandika leo 4U 1820-30 kwenye daftari lake, ameandika herufi ya kwanza ya neno la Kiswahili. Vijana wa Muyeye nao huandika 4U kwenye simu, usiku, kwa mambo yao mengine kabisa.